AC ya Passo ilivyonitesa miezi mitano

Mi ni dereva wa teksi za mtandao hapa Dar, natumia Passo ya pistoni tatu, cc 996, ile ambayo ukiwasha AC wakati unapanda Kimara unaisikia kabisa gari imebeba mzigo. Kwa kazi hii AC sio anasa. Abiria akiingia saa saba mchana mwezi wa kwanza hata salamu hajaitikia vizuri mkono ushafika kwenye tundu la hewa. Siku moja nimembeba mama mmoja kutoka Mwenge nampeleka Gongo la Mboto, tukanasa foleni ya Tazara, akavumilia weee, akatoa kitenge akaanza kujipepea, mwisho akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii AC ni ya kweli au ni picha?" Nikashusha vioo. Hakusema kitu kingine ila nyota alizoniachia nilizijua mwenyewe.

Hapo nilikuwa nishaongeza gesi mara mbili.

Ngoja nieleze ilivokuwa maana ukisikia neno "AC haipoozi vizuri" kila mtu anakuja na jibu lake la gesi, na mi mwenyewe nilikuwa hivohivo. Gari ilikuwa inapooza, hilo ndo lilikuwa linachanganya. Asubuhi saa kumi na mbili inapooza freshi tu. Ukiwa barabara imefunguka, mfano umetoka Kibaha unashuka Mbezi unatembea 70 au 80, inapooza mpaka unapunguza. Shida ni mjini. Ukisimama kwenye mataa dakika tatu hewa inaanza kuwa vuguvugu, foleni ya nusu saa ni kama umewasha feni ya nyumbani inayozungusha joto. Na kuna kitu kingine nilikiona nikakiacha tu, kwamba gari ikiwa inatambaa ule mwendo wa ishirini, thelathini, ilikuwa mbaya kuliko hata ikiwa imesimama kabisa. Nikasema labda ni akili yangu tu. Haikuwa akili yangu, ntarudi hapo.

Fundi wa kwanza alikuwa wa hapa hapa mtaani. Akafungua boneti, akashika lile bomba nene la AC, akasema halina ubaridi, gesi imepungua bosi. Hakupima chochote, alikuwa na mpira mmoja tu na mtungi, akapiga gesi, nikatoa elfu 40, ilikuwa jioni upepo unavuma nikaona kama imekaa sawa. Baada ya siku nne palepale. Nikarudi, akaongeza tena, safari hii akanipunguzia nikatoa 30. Sasa hapa ndo kuna kitu nilikuja kukielewa baadae sana: gesi ya AC haiishi kama mafuta. Ule mfumo umefungwa, gesi inazunguka humohumo miaka na miaka, ikipungua maana yake kuna sehemu inavuja, na pakivuja mara nyingi panaacha alama ya mafuta mafuta kwenye maungio au kwenye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, kwasababu ile oili inatembea pamoja na gesi. Fundi anaekuongezea bila kutafuta pa kuvuja ni sawa na mtu anakujazia upepo tairi yenye msumari. Ila yangu haikuwa inavuja kabisa. Kwahiyo mi nilikuwa najaziwa tairi lililojaa.

Na gari ndogo kama hizi hazitaki gesi nyingi. Kuna stika chini ya boneti imeandikwa R134a, ndo jina la gesi yenyewe, na gramu zake, kwa Passo haifiki hata nusu kilo. Sasa mtu ana mtungi wa kilo 13.6 ule wa bluu mpauko, hana mzani, anafungua anasikilizia, we unategemea nini.

Matokeo yake AC ikaanza tabia mpya. Kwenye foleni unasikia tak, kompresa imekata, gari inakuwa nyepesi ghafla, baada ya muda tak imerudi. Nikajua kompresa ndo inakufa hivo, nikaanza kuuliza bei Ilala kwa wale wa spea za mtumba, presha ikanipanda mi sasa sio AC. Kumbe ile ni swichi ya presha inafanya kazi yake. Upande wa presha kubwa ukifika kama psi 450 hivi (psi ni kipimo cha presha) swichi inakata kompresa ili bomba lisipasuke. Yani gari ilikuwa inajiokoa na fundi wangu.

Fundi wa pili alikuwa na geji mbili, ya bluu ya presha ndogo na nyekundu ya presha kubwa, nikafurahi nikasema huyu sasa msomi. Na kweli kidogo alikuwa anajua. Aliniambia usiangalie geji gari ikiwa imezimwa, maana ikiwa imezimwa muda mrefu zote mbili zinasoma sawa, kwa joto la nyuzi 30 ni kama psi 95 na kitu, na itasoma hivohivo iwe gesi imejaa au iwe imebaki robo, ilimradi kuna tone la gesi iliyogeuka kimiminika ndani. Hiyo nimewaambia watu wengi hawaamini. Ile namba inakwambia joto la siku hiyo, haikwambii ujazo. Akawasha gari, AC mwisho, feni ya ndani mwisho, milango wazi. Bluu ikakaa 55, nyekundu ikapanda ikapita 330 na bado inakwenda. Akasema bosi umejaziwa sana, akabonyeza ile pini ya valvu, psssss, gesi yote inaenda hewani, anaiangalia nyekundu inashuka mpaka akaridhika.

Sikujua kipindi kile ila ile kupiga gesi hewani sio kitu cha kuchekea. R134a kilo moja inashika joto angani zaidi ya mara 1,300 kuliko kilo ya hewa ukaa, na mkataba wa kuzipunguza hizi gesi dunia nzima umefanyika hapa hapa kwa majirani, Kigali, Oktoba 2016. Kuna mashine za kuinyonya ukaihifadhi. Lakini gereji za uswahilini nani anayo, tuwe wakweli.

Alikuwa sahihi kwamba gesi ilizidi. Ila gesi kuzidi ilikuwa ni ugonjwa tuliouleta wenyewe juu ya ugonjwa wa kwanza, kwahiyo alivyoitoa tukarudi kwenye ugonjwa wa kwanza, na kwa sababu alitoa kwa kukisia tu sasa hata barabara ya Kibaha ikawa haipoozi kama mwanzo. Elfu 25.

Fundi wa tatu huyu ndo ananiuma mpaka leo, kwasababu alikuwa karibu kabisa. Alikuja na geji na jagi la maji. Gari inaunguruma, AC imewashwa, akamwagia maji kondensa kule mbele, ile inayokaa mbele ya rejeta. Nyekundu ikaporomoka palepale, ndani ukaja ubaridi wa maana, nikamuona kama mganga. Akaniambia umeona? Kondensa haipoi. Sawa. Na hiyo ndo kazi ya kondensa, gesi inatoka kwenye kompresa ikiwa ya moto sana, kondensa inatakiwa ipigwe na upepo iutoe ule moto nje ili gesi igeuke kimiminika, isipopoa huko mbele huwezi kupata baridi huku ndani, ni hesabu moja. Mpaka hapo yuko sawasawa. Halafu akaruka hatua. Akasema kondensa haipoi kwahiyo imeziba, tubadilishe. Mi nikamuuliza na feni je? Akachungulia, akasema feni si hiyo inazunguka. Nikachungulia na mi. Kweli inazunguka, tena kwa nguvu.

Kondensa ya mtumba 120,000, ufundi na gesi 70,000. Na hakuvuta vakumu, yani kunyonya hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza, alijaza gesi akaitoa eti anasafisha njia kisha akajaza tena, hapo hewa na unyevu vimebaki ndani na hewa ikibaki ndani ya mfumo yenyewe inapandisha presha. Kwa siku mbili niliona kuna nafuu kidogo, nadhani ni kwasababu ile ya pili ilikuwa safi haina vumbi, au nilikuwa nimetoa hela nyingi nikawa nataka nione nafuu. Siku ya tatu nilikuwa Buguruni, saa nane, jua la Februari, abiria nyuma ana mtoto mchanga. Nilimrudishia nauli mwenyewe bila kuombwa.

Sasa aliyeniponya. Nilikwenda kuosha gari pale ninapooshaga siku zote, na kwa uchovu sikuzima, nilikaa ndani na AC nabishana na mtu kwenye simu. Dogo anayeosha akachuchumaa mbele anasugua plate namba. Mara akainuka akaja dirishani anajifuta uso, "Broo zima basi gari, inanipulizia joto usoni kama tanuri."

Nikamwambia hiyo ni joto la injini dogo osha.

Akasema, "Hapana broo, naosha magari kila siku, hayapulizi mbele. Hii yako inapuliza."

Nikashuka. Nikaweka mkono kwenye grili. Upepo wa moto unatoka nje, unanipiga kiganjani. Nikatoa tishu moja kwenye boksi la abiria nikaisogeza pale mbele, ikarushwa ikaenda kuangukia kwenye maji ya sabuni. Pembeni kulikuwa na IST ya mteja mwingine, nikamuomba awashe na AC, nikaweka tishu nyingine, ikanatishwa kwenye grili paa kama imegandishwa. Nilikaa pale nimeshika boksi la tishu dakika nzima.

Feni ilikuwa inazunguka kinyume.

Na hapo hapo nikakumbuka. Mwezi wa tisa ile feni iliungua mota, nikanunua mota ya mtumba, soketi yake haikuingia kwenye soketi ya gari, fundi umeme akakata zote mbili akaunga waya kwa waya akafunga na solotepu nyeusi. Mota ya feni ni ya umeme wa betri, nyaya mbili tu, ukibadilisha chanya ikakaa pa hasi inazunguka upande wa pili bila kulalamika. Akawasha, ikazunguka, nikamlipa, tukaagana. Nilipita mafundi AC watatu na hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari iliguswa nini mara ya mwisho, na mi sikusema kwasababu kwa akili yangu feni ni mambo ya injini na AC ni mambo ya AC. Mwezi wa tisa wa kumi hakukuwa na joto la kutisha kwahiyo sikuunganisha, tatizo nililianza kulihesabu mwezi wa kumi na mbili lilipoanza kuniuma.

Ukiijua hiyo kila kitu kinakaa mahali pake. Yangu ina feni moja, iko nyuma ya rejeta, inatakiwa ivute upepo wa nje upite kondensa, upite rejeta, uishie kwa injini. Ikienda kinyume inachukua joto la injini, inalipitisha kwenye rejeta yenye maji ya moto karibu nyuzi 90, halafu hilo joto lote inaenda kuibandika kondensa. Yani kondensa ilikuwa inapikwa. Gari ikitembea 80 upepo wa barabara una nguvu kuliko feni, unaishinda, kwahiyo inapooza. Ikisimama unabaki upepo wa moto. Ikitembea ule mwendo wa kutambaa, upepo wa mbele na upepo wa feni vinasukumana vinakaribia kulingana, hakuna hewa inayopita upande wowote, ndo maana ilikuwa mbaya kuliko kusimama. Niliambiwa na gari kabisa, tena kwa lugha iliyonyooka, nikadhani najisikia vibaya tu.

Mtu atauliza mbona injini haikuchemsha. Hata mi nilijiuliza. Passo yangu haina mshale wa joto, ina taa ya bluu ikiwa ya baridi na nyekundu ikichemsha, hapo katikati hujui kitu. Na feni ya kinyume bado inapitisha hewa kidogo kwenye rejeta, mapanga yake hayajakatwa kwa upande huo ila kwa injini ndogo ilitosha isifike nyekundu. Kondensa ndo haikuwa na uvumilivu huo. Kwahiyo nilikuwa naendesha miezi mitano injini ikiwa inapumua kwa shida na sina habari, hilo likinijia usiku huwa najigeuza kitandani.

Kubadilisha zile nyaya mbili ilichukua dakika kumi, tano za kutoa solotepu. Sikurudi kwa aliyeunga, nilikwenda kwa mwingine, safari hii akabana vizuri akavika na mpira wa kuziba maji. Tishu ikanata kwenye grili.

Lakini haikuishia hapo, maana ndani ya mfumo kulikuwa na gesi ya kukisia na hewa ya bure. Nikauliza uliza mpaka nikampata fundi mmoja Tabata mwenye pampu ya vakumu na mzani. Nilimuuliza kabla sijafika, "Kaka una mzani?" Akacheka, akasema wewe ushapigwa wewe. Alitoa gesi yote, akavuta vakumu dakika arobaini mpaka geji ya bluu ikazama chini ya sifuri ikafika karibu na 29 (hapo chini ya sifuri inasoma inchi za zebaki, sio psi), akafunga pampu akaenda kunywa chai. Kwanini usijaze, nikamuuliza. Akasema namuangalia kama mshale utarudi, ukirudi panavuja, usiporudi tunajaza. Haukurudi. Akaweka oili kidogo, akaweka mtungi juu ya mzani akajaza gramu za kwenye stika. Bluu ikakaa 38, nyekundu 220 hivi, nje kuna nyuzi 32. Elfu 60 yote.

Nilikuwa nimenunua kipimajoto kidogo cha kuchomeka Kariakoo elfu kumi, nikaanza kuandika kwenye simu. Kabla ya feni kurekebishwa foleni ilikuwa inatoa nyuzi 23 tundu la kati, barabara ya wazi 14. Baada ya kila kitu, foleni 12, barabara ya wazi 8. Kile kidude ndo kimenisaidia kuliko watu wote, kwasababu mkono unadanganya, ukitoka juani hata hewa ya nyuzi 20 unaiona ni baridi ya Makambako.

Toka siku hiyo jamaa wa kijiweni wananiletea magari yao kana kwamba mi fundi. Sio fundi, ila nimejifunza kuuliza inakataa saa ngapi. Jirani yangu ana Noah, yeye inapooza vizuri safari ikianza, baada ya saa nzima ya barabara upepo unaanza kufifia mpaka unabaki kama pumzi ya mgonjwa, akizima AC dakika kumi akiwasha tena iko poa. Hiyo nilimwambia sio gesi kabisa, fungua droo ya dashibodi utoe kichujio, akatoa kitu kimejaa majani na manyoya ya kuku, hewa haipiti kwahiyo ile evaporeta, kile kipoza hewa cha ndani ya dashibodi, ilikuwa inaganda barafu. Binamu yangu Spacio yake geji zote zilikuwa nzuri, bomba nene linatoka jasho la baridi, ila ndani hewa vuguvugu. Tukabana mpira wa maji ya moto unaoingia kwenye hita, ndani pakapoa, kile kibao cha kuchanganya joto na baridi kilikuwa hakifungi hadi mwisho. Waya wake ulikuwa umechomoka, hatukununua kitu. Na yupo mmoja geji zake zilikuwa zinakaribiana, bluu iko juu nyekundu iko chini, huyo nilimwambia pole, hiyo kompresa, nenda Ilala na hela.

Dogo wa kuosha gari nilimpelekea elfu ishirini na soda. Hakunielewa kabisa kwanini, nikajaribu kumuelezea mambo ya kondensa akawa anaangalia soda. Halafu akaenda mbele ya gari akachuchumaa mwenyewe bila kuambiwa, akaweka uso pale kwenye grili, akasema, "Eeh, sa hivi inavuta."

Ile kondensa yangu ya mwanzo, ambayo haikuwa na kosa lolote, nilikataa kumuachia fundi. Ipo uvunguni kwenye sandarusi, na mke wangu kila akifagia ananiuliza naitunza ya nini.